Mteremko na vikato vya mstari mnyoofu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa sekondari aliyekwama kwenye y = mx + c, na wa mzazi, dada au kaka anayemsaidia nyumbani jioni. Majibu hayalingani urefu. Pale ambapo wanafunzi wengi hupoteza alama nimekaa zaidi. Pale ambapo jambo ni jepesi nimepita haraka.

Mwalimu, y = mx + c inasema nini hasa? Naikariri tu.

Inasema mambo mawili: ulianza na kiasi gani, na unabadilika kwa kiasi gani kila hatua.

Chukua simtanki la lita 1,000 lenye lita 200 za maji ndani. Unawasha pampu inayoingiza lita 25 kila dakika. Baada ya dakika x, maji yaliyomo ni y = 25x + 200. Ile 200 ndiyo c, kikato cha y, yaani pale mstari unapokata mhimili wa y. Ni maji yaliyokuwemo kabla hujawasha pampu. Ile 25 ndiyo m, mteremko: x ikiongezeka kwa 1, y inaongezeka kwa 25. Dakika ya kwanza una lita 225, ya pili 250, ya tatu 275. Ukitaka kujua simtanki litajaa lini, unaweka y = 1,000, unabaki na 25x = 800, na x inakuwa dakika 32.

Sasa soma tena mlinganyo huo kwa sauti, kwa Kiswahili chako cha kila siku: "Kulikuwa na lita mia mbili, zinaongezeka ishirini na tano kila dakika." Mwanafunzi anayeweza kuusema mlinganyo hivyo ameielewa mada. Anayejua herufi tu atakwama mara mtungaji wa mtihani atakapobadilisha x na y kuwa t na V.

Kwa nini video za mtandaoni zinaandika y = mx + b?

Vitabu vya Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza vimezoea c. Vya Marekani vimezoea b. Hakuna tofauti nyingine. Ila kuwa makini na kikokotoo cha kisayansi: vingi, ukiingiza takwimu, hukupa mstari kwa umbo la y = A + Bx, na hapo B ndiyo mteremko. Usiangalie jina la herufi, angalia mahali ilipokaa. Namba inayozidisha x ni mteremko, na namba iliyosimama peke yake ni kikato cha y.

Nikipewa nukta mbili, natafutaje mteremko na mlinganyo wa mstari?

Tofauti ya y gawanya kwa tofauti ya x. Kwa nukta (2, 3) na (6, 11), y imepanda kutoka 3 hadi 11, yaani 8. x imekwenda kutoka 2 hadi 6, yaani 4. Mteremko ni 8 ÷ 4 = 2.

Watu hawakosei hapo. Wanakosea namba hasi zikiingia. Tuchukue (−1, 4) na (3, −2) na tuende polepole.

Tofauti ya y: −2 − 4 = −6.
Tofauti ya x: 3 − (−1) = 3 + 1 = 4.
Mteremko: −6 ÷ 4 = −3/2.

Mstari wa pili ndio wa kutazama. Anayeandika 3 − 1 badala ya 3 − (−1) anapata 2, na mteremko wake unakuwa −3. Weka mabano kila unapoingiza namba hasi, hata kama unaona ni kupoteza wino.

Ukishapata m, chukua nukta yoyote kati ya zile mbili uiingize kwenye y = mx + c. Kwa (−1, 4): 4 = (−3/2)(−1) + c, yaani 4 = 1.5 + c, hivyo c = 2.5. Mlinganyo ni y = −1.5x + 2.5. Kisha hakikisha kwa ile nukta nyingine: x ikiwa 3, −4.5 + 2.5 = −2. Imekubali. Uhakiki huu unachukua nusu dakika na unakuambia bila shaka yoyote kama uko sahihi. Siachi kuwahimiza wanafunzi waufanye, kwa sababu ni mada chache za hisabati zinazokupa nafasi ya kujisahihisha mwenyewe ukiwa bado ndani ya chumba cha mtihani.

Je, ni lazima nianze na nukta fulani?

Hapana. Anza na yoyote, lakini ukianza nayo kwenye y, anza nayo hiyohiyo kwenye x. Ukichanganya, ukubwa wa mteremko utakuwa sahihi na alama yake itakuwa kinyume, na mstari unaopanda utauandika kuwa unashuka.

Kwa nini y iwe juu na x iwe chini? Kwa nini isiwe kinyume?

Kwa sababu tunauliza y inabadilika kiasi gani kwa kila x moja. Kwenye simtanki tunataka lita kwa dakika, hivyo lita zinakaa juu na dakika chini. Ukigeuza unapata 1/25, yaani dakika 0.04 kwa kila lita. Si namba ya uongo, ila inajibu swali ambalo hukuulizwa.

Mteremko hasi una maana gani?

Kwamba x ikiongezeka, y inapungua. Mstari unashuka unapoutazama kutoka kushoto kwenda kulia.

Mfano mzuri tunao kwenye milima yetu. Katika sehemu ya chini ya angahewa, halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila unapopanda kilomita moja. Tuseme siku fulani usawa wa bahari ni nyuzijoto 28. Mlinganyo unakuwa y = 28 − 6.5x, ambapo x ni kimo kwa kilomita na y ni halijoto. Kikato cha y ni 28, joto la pwani. Mteremko ni −6.5.

Kikato cha x je? Weka y = 0: 6.5x = 28, x ni karibu 4.3. Kwa siku hiyo, ukifika kama mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, maji yanaanza kuganda. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Ingiza 5.895 na utapata karibu nyuzijoto −10. Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199, inakupa karibu −6. Mstari mmoja mnyoofu, wenye namba mbili tu, unakueleza kwa nini kuna barafu karibu kabisa na ikweta. Halijoto halisi ya siku moja itategemea mawingu, upepo na saa, maana 6.5 ni wastani, lakini umbo la jambo lenyewe liko pale kwenye grafu.

Mstari wa mlalo na mstari wa wima: upi una mteremko sifuri?

Wa mlalo. Mstari y = 5 hauna kupanda wala kushuka; tofauti ya y ni 0, na 0 ukigawanya kwa namba yoyote isiyo sifuri unapata 0.

Wa wima, mfano x = 3, hauna mteremko kabisa. Nukta zake zote zina x ileile, kwa hiyo tofauti ya x ni 0, na kugawanya kwa sifuri hakupo. Usiandike "0" na usiandike "kubwa sana". Andika kwamba mteremko haupo. Ndiyo sababu pia mstari wa wima hauwezi kuandikwa kwa umbo la y = mx + c: huna m ya kuweka.

Nachanganya kikato cha x na kikato cha y. Kuna njia ya kutochanganya?

Usikariri kanuni, tazama mhimili. Ukisimama popote juu ya mhimili wa y, hujaenda kulia wala kushoto, kwa hiyo x yako ni 0. Ukisimama popote juu ya mhimili wa x, hujapanda wala kushuka, kwa hiyo y yako ni 0. Basi: unatafuta kikato cha y, weka x = 0; unatafuta kikato cha x, weka y = 0. Mtu huchanganya kwa sababu anadhani "kikato cha x" kinapatikana kwa kuiweka x sifuri. Ni kinyume chake.

Turudi kwenye simtanki kidogo. Ukiweka y = 0 katika y = 25x + 200 unapata x = −8. Dakika hasi nane? Maana yake ni kwamba kama pampu hiyohiyo ndiyo iliyoingiza hata zile lita 200 za kwanza, ingekuwa iliwashwa dakika 8 kabla hujaanza kuhesabu, simtanki likiwa tupu. Kama lita 200 zilibaki jana, basi −8 haielezi kitu chochote kilichotokea. Hesabu ni moja, na maana inategemea kisa.

Nimepewa 3x + 4y = 12. Mteremko si 3?

Si 3. Mteremko unausoma moja kwa moja pale tu y inapokuwa imesimama peke yake upande mmoja. Ipange kwanza:

4y = −3x + 12
y = −(3/4)x + 3

Mteremko ni −3/4 na kikato cha y ni 3.

Lakini kama kazi yako ni kuchora tu, umbo hili la 3x + 4y = 12 ni zuri kuliko lile jingine, wala usihangaike kulibadilisha. Funika 3x kwa kidole: inabaki 4y = 12, y = 3. Funika 4y: inabaki 3x = 12, x = 4. Weka nukta (0, 3) na (4, 0), unganisha kwa rula, umemaliza. Halafu pima kwa nukta ya tatu. Chukua x = 2: 6 + 4y = 12, y = 1.5. Nukta (2, 1.5) ikikaa juu ya mstari wako, uko salama. Isipokaa, moja kati ya tatu imekosewa, na afadhali ulijue hilo sasa.

Njia ya vikato inakwama mahali pamoja: mstari unaopita (0, 0). Kwa y = 2x, vikato vyote viwili ni sifuri, yaani ni nukta ileile moja, na nukta moja haitoshi kukupa mstari. Tafuta nyingine, mfano (3, 6), ndipo uchore.

Grafu yangu ni safi, nimesoma kikato vizuri, lakini jibu linakataa. Kwa nini?

Tazama mhimili wa x unaanzia namba gani.

Hili ndilo swali ninaloliona muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu kosa lake halionekani. Mwanafunzi amechora kwa usafi, penseli imechongwa, nukta ziko mahali pake, na bado anakosa.

Chukua kubadilisha nyuzi za Selsiasi kuwa za Farenhaiti. Mlinganyo wake unajulikana: F = 1.8C + 32. Maji huganda kwa 0 °C, ambayo ni 32 °F. Huchemka kwa 100 °C, ambayo ni 212 °F, yakiwa usawa wa bahari. Sasa mwanafunzi amepewa takwimu za kuanzia 20 °C hadi 100 °C. Ili asiache nafasi tupu kwenye karatasi ya grafu, anaanza mhimili wa mlalo kwenye 20. Anachora mstari, anauendeleza kushoto hadi ugonge mstari wa wima wa pembeni, anasoma 68, anaandika c = 68.

Amesoma sahihi kabisa kilichopo. Kwenye 20 °C, F ni 1.8 × 20 + 32 = 68. Ila hicho si kikato cha y. Kikato cha y kinapatikana pale x ni sifuri, na kwenye karatasi yake sifuri haipo. Iko mbali kushoto, nje ya ukingo. Mstari wa wima aliougonga si mhimili wa kweli, ni ukuta wa pembeni wa picha.

Dawa ni mbili. Ama anzisha mhimili wa x kwenye sifuri kila unapoombwa kikato cha y kutoka kwenye grafu. Ama, kama nafasi hairuhusu, soma mteremko kwenye grafu, kisha tafuta c kwa hesabu kwa kutumia nukta moja: 68 = 1.8 × 20 + c, c = 32. Zoea kuandika namba ya mwanzo ya kila mhimili kabla ya jambo lolote jingine.

Na kwa kuwa tumefika hapa: mstari huu unakutana na mstari F = C mahali pamoja tu, kwenye −40. Weka C = 1.8C + 32 na uone mwenyewe. Nyuzi arobaini chini ya sifuri ni baridi ileile kwa vipimo vyote viwili.

Je, mteremko wa 1 ni pembe ya nyuzi 45? Naweza kupima kwa kipimapembe?

Ni nyuzi 45 ikiwa tu skeli za mihimili yote miwili ni sawa, yaani sentimita moja kulia na sentimita moja juu zinawakilisha kiasi kilekile cha kitu kilekile. Kwenye simtanki, mhimili mmoja ni dakika na mwingine ni lita. Ukibadilisha skeli, mstari uleule utaonekana mkali au umelala, na mteremko wake utabaki 25. Kwa hiyo kipimapembe kiweke pembeni. Mteremko tunausoma kwa namba za mihimili, si kwa jinsi mstari unavyoonekana wala kwa kuhesabu visanduku. Vitabu vyenye grafu mbili za skeli tofauti zikiwa ubavuni kwa ubavu vina mtego huo huo: mstari unaoonekana mkali zaidi si lazima uwe na mteremko mkubwa zaidi.

Pale ambapo mihimili yote ni urefu, pembe ina maana. Njia ya kiti cha magurudumu hujengwa kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12: kupanda sentimita 1, kwenda mbele sentimita 12. Mteremko ni 1/12, kama 0.083, na pembe yake haifiki nyuzi 5. Kibao cha barabarani kinachosema 8% kinasema karibu jambo hilohilo: kupanda au kushuka mita 8 kwa kila mita 100 za mlalo. Na 100% si ukuta wa wima kama wengi wanavyodhani. Ni mteremko wa 1, nyuzi 45.

Mteremko una kizio?

Unacho, kama mihimili ina vizio. Chukua kizio cha y, gawanya kwa kizio cha x. Grafu ya umbali kwa muda hutoa mita kwa sekunde, yaani mwendo. Grafu ya mwendo kwa muda hutoa mita kwa sekunde kwa sekunde, yaani mchapuko. Kikato cha y hubeba kizio cha y, na cha x hubeba cha x. Kwenye fizikia, jibu lisilo na kizio ni nusu ya jibu.

Kwenye maabara nukta zangu hazikai kwenye mstari mmoja. Nifanyeje?

Hazitakaa, kwa sababu vipimo vya mkono na macho vina tofauti ndogondogo. Usiziunganishe moja baada ya nyingine. Pitisha mstari mmoja kwa rula, nukta ziwe zimegawanyika vizuri juu na chini yake. Nukta moja iliyo mbali sana na wenzake irudie kupima kabla hujaiamini.

Halafu, ukitafuta mteremko, chagua nukta mbili zilizo juu ya mstari, mbalimbali, ili pembetatu unayochora ifunike zaidi ya nusu ya mstari. Usichukue nukta mbili kutoka kwenye jedwali lako. Mstari umeshachanganya vipimo vyako vyote na kupunguza makosa yake. Ukirudi kwenye jedwali unayarudisha makosa ya vipimo viwili na kutupa kazi ya vingine vyote.

Tuone jaribio la seli kavu. Volteji V na mkondo I vinahusiana kwa V = E − Ir, ambapo E ni volteji ya seli isipotoa mkondo na r ni ukinzani wake wa ndani. Linganisha na y = mx + c: c ni E, m ni −r. Tuseme juu ya mstari wako umesoma (0.2 A, 1.40 V) na (0.8 A, 1.10 V). Mteremko ni −0.30 ÷ 0.60 = −0.5, hivyo r ni omu 0.5. Kisha E = 1.40 + 0.5 × 0.2 = volti 1.50, namba ileile iliyoandikwa kwenye ganda la betri ya saizi ya tochi.

Mimi hupenda sana jaribio hili. Ukinzani wa ndani huwezi kuuona wala kuugusa, uko ndani ya seli iliyofungwa, na huwezi kuifungua ukaupima peke yake. Rula na penseli vinautoa nje.

Kikato kina maana kila mara?

Hapana, na hapa lazima ufikiri, hakuna kanuni ya kukuokoa.

Watoto wa umri wa miaka 2 hadi 10 hurefuka takriban sentimita 6 kwa mwaka. Mstari kama y = 6x + 77 unakaribia hali halisi: miaka 2 inakupa sentimita 89, miaka 10 inakupa 137. Kikato cha y ni 77. Je, mtoto huzaliwa na sentimita 77? Huzaliwa na kama 50. Mwaka wa kwanza hukua kwa kasi zaidi, kwa hiyo mstari huo haufai kabla ya miaka 2. Ukiupeleka mbele hadi miaka 30 unapata mtu wa sentimita 257. Mstari ni wa kweli pale tu ulipopimwa, na ukiuendeleza nje ya hapo unahitaji sababu.

Lakini mara nyingine kuuendeleza mstari nje ya vipimo kumefungua mlango mkubwa. Pasha gesi joto bila kubadilisha kani-eneo (presha) yake, chora ujazo dhidi ya halijoto, utapata mstari mnyoofu. Uendeleze kushoto, kupita sifuri, hadi ujazo uwe sifuri. Utaukata mhimili wa halijoto karibu na −273 °C. Tumia gesi nyingine, kiasi kingine: mteremko utabadilika, kikato kitabaki hapohapo. Hakuna gesi halisi inayofika huko ikiwa bado gesi, zote huwa zimegeuka kimiminika au yabisi njiani. Hata hivyo, kukutana kwa mistari yote mahali pamoja kulikuwa kunaashiria jambo. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha halijoto kinachoanzia kwenye sifuri isiyoweza kushukwa. Leo sifuri hiyo tunaiandika −273.15 °C.

Mistari sambamba na mistari inayokutana kwa pembe mraba?

Sambamba: mteremko sawa, vikato tofauti. y = 2x + 1 na y = 2x − 7 haitakutana kamwe.

Kwa pembe mraba: zidisha miteremko yao, upate −1. Kwa mstari wa mteremko 2, mwenzake ana −1/2. Unapindua sehemu na kubadili alama. Sababu yake inaonekana ukichora hatua moja. Mteremko 2 ni kwenda kulia 1, kupanda 2. Zungusha karatasi robo mzunguko kinyume na saa: ile hatua ya kulia 1 inakuwa juu 1, ile ya juu 2 inakuwa kushoto 2. Juu 1 kwa kushoto 2 ni 1 ÷ (−2). Isipokuwa mstari wa wima na wa mlalo, ambao wanakutana kwa pembe mraba ingawa huwezi kuzidisha mteremko usiokuwepo.

Mistari miwili inapokatana, nukta hiyo inasema nini?

Kwamba mambo mawili yamelingana. Tuseme darasa lenu mnataka fulana za mahafali. Duka la kwanza linatoza shilingi 30,000 za kuandaa fremu ya kuchapia, kisha 4,000 kwa kila fulana. La pili halitozi fremu, lakini kila fulana ni 6,000. Milinganyo ni y = 4,000x + 30,000 na y = 6,000x. Zinalingana pale 2,000x = 30,000, yaani fulana 15, na gharama ni 90,000 kote kuwili. Chini ya 15 nendeni la pili. Zaidi ya 15 nendeni la kwanza. Kikato kikubwa kinaumiza mwanzoni, mteremko mkubwa unaumiza kadiri idadi inavyopanda. Bei za mikopo, usafiri na vifurushi hupangwa hivyohivyo, na mtu anayeona namba zote mbili hadanganyiki na moja.

Nani alianzisha kuchora milinganyo?

Wazo la kuunganisha mlinganyo na mchoro lilitoka kwa Wafaransa wawili wa karne ya 17, René Descartes aliyelichapisha mwaka 1637, na Pierre de Fermat aliyelifikia kwa njia yake mwenyewe wakati uleule.

Nipe mazoezi, na majibu yake.

(a) Tafuta mlinganyo wa mstari unaopita (1, 7) na (4, −2).
(b) Tafuta mteremko na vikato vya 5x − 2y = 10.
(c) Tafuta mstari sambamba na y = 4x − 1 unaopita (2, 3).
(d) Mshumaa wa sentimita 24 unapungua sentimita 3 kila saa. Andika mlinganyo, kisha eleza kila kikato kwa maneno.

Fanya yote kwanza, halafu ndipo usome chini.

(a) y = −3x + 10. (b) Mteremko 5/2, kikato cha y ni −5, kikato cha x ni 2. Ukipata −5/2, umesahau alama ulipogawanya kwa −2. (c) y = 4x − 5. (d) y = 24 − 3x; kikato cha y, 24, ni urefu wa mshumaa kabla ya kuwashwa, na kikato cha x, 8, ni idadi ya saa hadi mshumaa uishe.